Kisu kikae, ala ndiyo ije

Askari wa getini alifungua begi yangu Jumanne asubuhi akatulia kidogo. Ndani kulikuwa na pakiti nzima ya nyembe za upasuaji namba 11, mirija ya dripu imeviringwa, waya wa iafoni zilizokufa zamani, mizani ya kuning'iniza ile ya wauza nyama, na bamia robo kilo kwa karatasi. Akaangalia begi, akaniangalia mimi, akauliza, "Boss, kwani wewe ni daktari ama mpishi?" Nikamwambia natengeneza kisu. Jibu lenyewe halikumsaidia, na hata mimi halikunisaidia, nilisimama pale Industrial Area dakika kumi nikimweleza habari za moyo huku foleni nyuma yangu inaongezeka na mtu wa boda anapiga honi.

Sasa wacha niwaeleze na nyinyi, angalau nyinyi hamnipekui.

Mtu ambaye moyo wake unapiga polepole mno, ama pande mbili za moyo hazipigi pamoja, anaweza kuwekewa pesimeka, kisanduku kidogo cha umeme chenye waya wa kuusisimua moyo upige. Kile kisanduku chenyewe kinakaa chini ya ngozi karibu na bega, huko hakuna maneno mengi. Maneno yako kwa waya. Waya unaingizwa kwenye mshipa wa damu pale chini ya mtulinga, unateremka mpaka moyoni, na ule wa kusisimua upande wa kushoto inabidi upitie mshipa unaozunguka nyuma ya moyo, wanauita koronari sainasi, unaomwaga damu kwenye chumba cha juu cha kulia. Na waya huo ni mlegevu kama tambi iliyoiva, ukiusukuma peke yake utajikunja tu hapo hapo. So daktari anatanguliza katheta, mrija mgumu kiasi wenye kona yake mbele, anaulenga mpaka mlangoni mwa ule mshipa, halafu waya unapita ndani yake. Hiyo katheta hapo imekuwa ala ya waya.

Waya ukishafika na kukaa vizuri, ala lazima itoke. Hapo ndipo kuna shida, kwa sababu mwisho wa nje wa waya una kichwa cha chuma kinachochomekwa kwenye kisanduku, na kwa kiwango cha kimataifa kinachoitwa IS-1 kichwa hicho ni milimita 3.2, wakati kuna waya ambao mwili wake ni 4.1 Fr tu, yaani haufiki hata milimita moja na nusu. Tundu la ala limepimwa kwa mwili wa waya, halikupimwa kwa kichwa. Ni kama bangili uliyovalishwa ukiwa darasa la pili, mkono umekua bangili imebaki pale pale, haitoki ila kwa kukatwa.

(Hiyo Fr, kwa wale wanaopenda vitu vidogo vidogo: ni kipimo cha Charrière, fundi aliyekuwa Paris karne ya 19, na 3 Fr ni milimita 1. Jamaa alianza kama mwanafunzi wa fundi wa visu ndiyo akaingia vifaa vya hospitali. Nilipolisoma hilo nilijisikia niko kwa ukoo.)

Kuna ala nyepesi zenye masikio mawili, unavunja masikio unazimenya pande mbili kama ndizi, kwisha. Lakini ala ya kufika kule nyuma ya moyo inataka kusukumwa na kuzungushwa bila kujipinda, kwa hiyo mara nyingi ndani ya plastiki yake kuna wavu wa nyuzi za chuma, na kitu chenye wavu wa chuma hakimenyeki. Kinapasuliwa kwa kisu urefu wake wote, waya ukiwa bado ndani, na ncha ya huo waya imekaa kwa moyo unaopiga. Kisu chenyewe wanakiita slita. Miaka yote nimejua ala ni ya kumlinda mtu na kisu, kumbe kuna mahali kisu ndicho kinapasua ala na kinaambiwa kisiguse kilicho ndani.

Mimi si daktari, niseme mapema kabla mtu hajaniuliza dawa ya presha. Ni fundi wa mitambo ya hospitali, na kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mashine ya eksirei ya chumba cha katheta haizimiki katikati ya shughuli, kwa hiyo nimesimama nyuma ya kile kioo na eproni ya madini ya risasi, ile ya kuzuia mionzi, mabegani siku nyingi sana. Siku moja, hospitali siitaji, walikuwa wametafuta mshipa karibu masaa matatu. Hatimaye waya ukakaa, picha nzuri, kila mtu akashusha pumzi. Daktari akachukua slita, akaubana waya kwenye mfereji wake, akaanza kuvuta ala. Ikaenda nusu, ikakwama. Akasimama abadilishe mshiko.

Ni kule kusimama. Alipoanza tena, mkono wenye kisu ulifuata mkono unaovuta, sentimita tatu hivi, labda hata hazifiki, na kwa skrini tukaona ncha ya waya inarudi nyuma polepole, inatoka kwa mshipa, inadondoka kwenye chumba cha juu kama mtu aliyeshushwa kwa stegi si yake. Hakuna aliyesema kitu. Daktari akasema tu, "Fungua katheta nyingine." Mgonjwa alikuwa nusu macho na ile dawa ya kutuliza, akauliza, "Tumemaliza daktari?" Akajibiwa, "Bado kidogo mama." Hiyo bado kidogo ilikuwa masaa mawili mengine, dawa ya kuonyesha mishipa tena, mionzi tena, kidonda kiko wazi muda wote huo, na kidonda kikikaa wazi sana hatari ya maambukizi inapanda. Alitoka salama. Lakini mimi jioni kwa matatu ya kurudi Umoja niliona ile ncha ya waya ikirudi nyuma kila nikifunga macho.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani shida ni makali. Nilitaka sana kukilaumu kisu, kisu ndicho kitu naweza kutengeneza. Wiki sita nzima nilihangaika na wembe: pembe ya wembe, unene wa wembe, wembe wa kunyolea (unapinda, usijaribu), halafu namba 11 ya upasuaji niliyoikata kwa grainda nikachoma vidole. Nilipata kisu kikali ajabu. Kilipasua mrija wa dripu kama siagi, na kila mara ya tatu kilipasua na waya wa iafoni uliokuwa ndani.

Aliyenitoa hapo ni mama fundi wa nguo wa pale kwetu, nilikuwa nimempelekea suruali apunguze kiuno. Ana kile kidude cha kufumulia mshono, chenye meno mawili, jino moja refu lenye ncha na jingine fupi lenye kishanga chekundu. Nikamuuliza hicho kishanga ni cha nini. Akaniangalia kama mtoto. "Hicho ndicho kinatembea juu ya kitambaa. Bila hicho ningekuwa nimeshakata suruali za watu wote." Kishanga kinateleza kwa kitambaa, makali yako kwenye bonde katikati ya meno, uzi tu ndio unafika huko.

Slita zinazouzwa zina kitu cha ukoo huo huo, nilikuwa naviona kila siku na sikuwahi kufikiria: ulimi mwembamba unaotangulia mbele ya makali, unaingia ndani ya ala kati ya ukuta wake na waya. Waya unapita chini ya ulimi, ukuta wa ala unapanda juu ya ulimi unakutana na makali. Makali na waya hawaonani kabisa. Ulimi ukiwa mnene hauingii, ukiwa mwembamba unapinda na kumkaribisha wembe kwa waya, na mimi hapo nilikuwa nacheza na nafasi isiyofika nusu milimita, na printa ya 3D ambayo siku ikiamka vibaya inaongeza nusu milimita yenyewe. Mwishowe ulimi nikaukata kwa bati la chuma kisichoshika kutu, kwa msaada wa fundi mmoja Kariobangi Light Industries ambaye kila nikimwambia pointi tatu ya milimita anasema "kijana, wewe unataka nikuchongee nywele."

Basi waya haukukatika tena. Nikafurahi siku mbili. Halafu nikaweka rula.

Meza yangu ya majaribio ni ya aibu lakini inafanya kazi: bomba la plastiki lililopashwa moto likapindwa mfano wa ule mshipa, limezama kwenye beseni la maji, waya ndani yake una alama ya kalamu, na rula imegundishwa pembeni. Ukishavuta ala yote, unasoma alama imehama kiasi gani. Nilijiwekea milimita 2, zaidi ya hapo umeanguka. Na nilianguka. Niliangusha mtihani wangu mwenyewe mara kumi mfululizo, na kisu changu kikali, na ulimi wangu wa bei.

Desemba nikaenda nyumbani Kilifi kwa nyanya. Amezeeka lakini nazi hamwachii mtu. Ameketi juu ya mbuzi, ule wa kukunja wa mbao, goti moja huku goti moja kule, sinia chini, anakuna. Nimeona hiyo kitu maisha yangu yote. Hiyo siku ndiyo niliangalia. Mbuzi hasogei hata kidogo, amekaliwa. Chuma kimenyoosha shingo kimetulia, na nazi ndiyo inakwenda kwa chuma, inazungushwa, inasukumwa, na nyanya anaongea na mtu barabarani wala haangalii mikono. Nikamuuliza kwa nini asishike nazi chini akakuna kwa kitu cha mkononi. "Utajikata," akasema, kisha akaendelea na ile habari ya mtu barabarani.

Ndiyo hivyo tu. Slita ni mbuzi. Madaktari wanafundishwa hilo, kwamba mkono wenye kisu usisogee, waya umefungwa kwake, ala ndiyo ivutwe ije kwa makali, kwa mvuto mmoja bila kusimama, macho kwa skrini. Wanajua. Lakini tunawapa mbuzi asiye na kiti, kidude cha vidole viwili kinachoelea hewani, kisha tunamwambia mtu aliyesimama masaa matatu na kilo kadhaa za eproni mgongoni atulize mkono wake kwa nguvu za roho.

Kwa hiyo kuanzia hapo niliacha makali kabisa nikaanza kutafuta kiti. Mbuzi anakaliwa, slita itakaliwa na nani? Kifua cha mgonjwa kiko pale lakini kuna kidonda, huwezi kuegemea tu. Nikajaribu kuiegemeza kwenye meza, kumbe wazo baya, mgonjwa anapumua, kifua kinapanda kinashuka na meza imetulia, waya unavutwavutwa kila pumzi. Kiti kinachofaa ni kile kinachopumua pamoja na mgonjwa. Toleo la tano ndiyo likapata mguu: bapa pana kama sarafu ya bob ishirini linalotoka chini ya mpini, linakaa juu ya kitambaa cha upasuaji pembeni mwa kidonda, na kidole cha mwisho kinalikanyaga. Mguu unapanda na kifua unashuka na kifua. Na pale kidole gumba kinapobana waya nikaweka mfereji wenye kina cha kutosha ili kidole kikifika mwisho kiguse plastiki kwanza, maana ganda la waya ni silikoni ama poliyurethani, ukilifinya kwa hasira unaweza kuliharibu na hutajua leo, utajua betri ikianza kuisha mapema.

Kitu kingine kilichonila usingizi ni shingo ya ala. Kule nje ala ina kitovu kinene chenye vali ya kuzuia damu, na kisu kinaanzia hapo. Nilitundika ile mizani ya nyama kwenye ala nikavuta nayo: kwa kitovu ilisoma karibu kilo moja na nusu, halafu makali yakishaingia kwenye mrija inaporomoka ghafla chini ya nusu kilo. Ule mporomoko ndio adui. Umekaza misuli kuvuta kilo moja na nusu, kizuizi kinaachia, mkono unaruka, kama mlango wa choo uliokwama ukafunguka wakati umeuegemea kwa bega. Alama zangu zote za kuhama zilitokea hapo, sentimita mbili za kwanza. Dawa niliyopata, na bado siiamini asilimia mia, ni kutovuta kwenye kitovu kabisa: kuna kikonyo kidogo juu ya mpini, unakifinya, makali yanaingia kwenye kitovu kwa kufinya, na kufinya hakurushi mkono. Ukisikia imelia tak, ndiyo unaanza kuvuta, na tayari uko kwenye sehemu laini.

Bamia sasa. Kwa chumba cha katheta hakuna mtu ana mikono mikavu, ni damu na maji chumvi juu ya glavu mbili. Nilijaribu sabuni ya vyombo ikakauka haraka. Bamia ukizikatakata ukaziloweka usiku, huo ute ukipaka kwenye glavu hata simu huwezi kushika. Mpini wangu wa kwanza uliokuwa umeng'aa vizuri, uliokuwa mzuri kwa picha, uliruka kama samaki ukaingia chini ya kabati. Ndiyo maana sasa una mikunjo kama ya gurudumu, mbaya kuangalia.

Na ndiyo, nilichemsha slita moja. Nilitaka kuonyesha watu kitu kilichotakaswa, nikatia kwa sufuria nyumbani nikijiambia autoklevu, ile mashine ya hospitali ya kutakasa kwa mvuke, ni digrii 121, hii ni mia tu, itavumilia. Ile plastiki ya printa, PLA, inaanza kulegea hata kwenye sitini. Nilitoa kitu kama kijiko kilicholewa. Mke wangu hajapikia tena hiyo sufuria, inakaa tu pale inanishtaki. Za kiwandani nyingi zinatakaswa kwa gesi ya ethilini oksaidi na zinatumika mara moja tu, na hata hii yangu ikifika huko itakuwa ni hivyo, plastiki nyingine kabisa.

Kufika huko ni mbali, msinipongeze. Hii haijagusa mgonjwa na haitagusa mpaka makaratasi yake yakamilike, Bodi ya Dawa na Sumu hawachezi na kitu kinachoingia karibu na moyo, na wako sahihi. Kuna viwango vya kimataifa, ISO 13485 ya namna ya kuendesha kazi yenyewe, kuna ISO 14971 ya hatari, na hiyo ya hatari nilidhani itanichosha lakini ndiyo napenda kuliko zote, maana inakulazimisha ukae uandike kila namna kitu chako kinaweza kumuumiza mtu. Wembe ukivunjika. Ulimi ukipinda. Mtumiaji akishika kwa mkono wa kushoto (hii nilikuwa nimesahau kabisa mpaka dada mmoja muuguzi alipojaribu, akakuta mguu wote uko upande usiofaa, akaniambia "sasa sisi tuende wapi?", ndiyo toleo la saba liko sawa pande zote). Mstari wa kwanza kabisa kwenye hilo jedwali langu ni: mtumiaji anasimama katikati.

Jumamosi iliyopita yule daktari alipita. Ndiyo, yule yule, siku hizi tunaongea. Sikuwahi kumwambia ni siku gani iliyonianzisha, nadhani anajua. Nikampa glavu mbili, nikazipaka ute, akacheka, "Hii ni mboga?" Nikamwambia vuta daktari. Akakanyaga mguu, akafinya kikonyo, tak, akavuta ala yote mara moja. Alama ilihama milimita moja. Hakusema kitu, akachukua ala nyingine, zangu ni zile zilizopitwa na tarehe msambazaji mmoja alinipa na sina nyingi, moyo ukaniuma. Akavuta mpaka katikati. Akasimama. Makusudi kabisa. Akaachia mkono unaovuta, akanyoosha vidole, akashika upya, akaendelea.

Tukainama wote wawili kwenye rula. Milimita moja na nusu.

Aliinyanyua akaigeuzageuza kwa mwanga wa dirisha muda mrefu, kisha akanionyesha shina la kidole gumba, kulikuwa na alama nyekundu. "Hapa inanichoma. Zungusha hii kona. Na mguu uongeze upana kidogo, wagonjwa wengine ni wembamba sana, kitambaa hakilali bapa." Nikaandika nyuma ya risiti.

Kesho napita Gikomba kutafuta msasa laini. Na bamia, zimeisha.